Mkono Usiofika Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi 1975
Baada ya sala ya alfajiri, kama kawaida. Maji ya moto kikombe kizima. Mito chini ya kiuno, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda. Mume wangu Salim akanipiga mgongo, kushoto kisha kulia, kiganja amekikunja kama anayechota maji, alivyofundishwa na yule bibi wa mazoezi hospitalini kabla hajafukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. Pu, pu, pu. Kisha natoa pumzi kwa mdomo wazi, haa, makohozi yanapanda. Leo yametoka vizuri. Mapafu yangu yameharibika tangu kifaduro cha utotoni, yasiposafishwa kila siku yanaziba.
Salim akaenda dukani Nakivubo akipiga mluzi. Hajui kupiga mluzi, maskini.

Jumanne, 4 Machi
Salim hakurudi jana. Mwenzake wa duka la pili alikuja asubuhi, hakutaka hata kukaa. Wanaume wenye miwani myeusi, watu wa usalama, walikuja kumwulizia. Salim akatoka kwa mlango wa nyuma, akadandia lori la Busia, mpakani. Nisimwulizie popote, akasema, akaondoka.
Naogopa. Hilo tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu peke yangu. Mito ninayo, kichwa nakiinamisha, mgongo siufikii. Nimejipiga kwa mwiko wa kusongea ugali! Upuuzi mtupu. Nimecheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi hakikutoa kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Ayikoru alinikuta kambani naanika nguo. Mke wa sajenti, mtu wa Arua, tumetenganishwa na ukuta mmoja. Miezi yote tumesalimiana tu. Mume akiwa jeshini, nani anataka mazoea?
Leo akanishika bega. "Dada, mimi nasikia bwana yako napiga wewe kila asubuhi. Sasa kimya. Yeye nakimbia? Shukuru Mungu."
Astaghfirullah! Salim, anayemtoa mende nje kwa karatasi asimuue! Nilifungua mdomo nimtetee. Kisha nikawaza: mume katili akitoroka, hakuna anayeuliza ametorokea wapi. Nikainamisha kichwa. Nikasema ndiyo, ameniacha.
Najichukia.

Jumapili, 9 Machi
Homa. Makohozi mazito, ya kijani, yananuka, na hayatoki. Kifua kinakoroma. Mtaa mzima wa Kisugu unanipa pole kwa ajili ya mume katili. Mama Ayikoru ameleta uji bila sukari. Sukari nani anayo siku hizi. Watoto hatukujaaliwa. Ndugu zangu wa Kibuli, tangu wasikie habari za Salim, hawakanyagi hapa. Siwalaumu. Nawalaumu.
Nimeanza kuongea na birika.

Jumanne, 11 Machi
Kutoka kitandani hadi mlangoni nimepumzika njiani. Nikimwambia jirani ukweli, atauliza mume mwema amekwenda wapi, na anayelala naye ni sajenti. Nisipomwambia, nitazama katika makohozi yangu mwenyewe. Salim, umeokoa shingo yako ukaniacha na mgongo wangu. Leo nimekukasirikia kweli.

Jumatano, 12 Machi
Sajenti alipoondoka nimegonga ukuta. Mama Ayikoru akaja mbio, mikono ina unga. Nikalala juu ya mito, nikamwomba anipige.
Alikataa. Machozi yakamlengalenga. Alidhani nimezoea kipigo mpaka nakililia.
Nikamshika mkono, nikamkunja kiganja, nikakipiga kwenye paja langu asikie. Pu, pu. Aliitambua sauti ile. Nikamweleza kifua changu, na Salim, na kila alfajiri. Sikuweza kuacha tena. Akakaa sakafuni.
"Kumbe ile ilikuwa dawa," akasema. "Na mimi natukana yeye."
Nikangoja aulize aliko. Hakuuliza. Akafunga mlango, akashusha sauti: "Bwana yangu mimi naambia yeye tayari, ile bwana yako kali nakimbia na mwanamke. Tuache tu hivyo, dada."
Kisha akaanza kunipiga. Mwanzoni kiganja bapa, kikaniwasha kama upupu. Nikamrekebisha. Nililia, akadhani ameniumiza. Nikamwambia endelea, usiache.

Ijumaa, 14 Machi
Anakuja sajenti akishaondoka. Kiganja kizito, ana haraka, na midomo inasali rozari huku akipiga. Homa imeshuka. Makohozi yanatoka. Leo hewa imefika chini kabisa.
Kisimani wanawake walimsema Salim tena. Mume gani yule, kumpiga mgonjwa. Nikatikisa kichwa pamoja nao.
Mama Ayikoru alipokwenda, nilibaki juu ya mito, uso chini. Mvua kidogo juu ya bati. Nimepumua taratibu. Njiani hakuna aliyepiga mluzi.