Stuli ya Kumbeba Baba Mdogo

Jumanne, 12 Agosti 1975. Asubuhi mawingu na manyunyu, kisha jua kali.

Baba,

Imesimama. Stuli yangu ya tatu imesimama, na Baba Mdogo ameikalia kwa uzito wake wote.

Nianze mwanzo, unajua sipendi kuruka hatua. Baada ya arobaini yako Baba Mdogo alikuja na gunia achukue randa, misumeno na patasi zako, ampelekee fundi mmoja wa Ntinda. Nikamwomba aniachie. Akacheka: "Wewe fundi wa vitabu. Haya, nitengenezee stuli inibebe. Ikivunjika, nabeba vyote."

Ya kwanza niliiharibu kabla hajaiona. Nilikata juu ya mstari wa penseli badala ya nje yake, msumeno ukaula wote, miguu ikawa myembamba, ikacheza ndani ya matundu ya kikalio. Na gundi haipatikani Nakivubo nzima tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe Uganda. Nikaandika kosa kwenye daftari, na tarehe yake.

Ya pili ilikazika vizuri. Nilianika kikalio juani wiki mbili, kisha nikachonga miguu ya mti mbichi, maana ni laini na mikono yangu bado haijazoea. Wiki tatu baadaye Baba Mdogo akakaa, akanywa chai nusu kikombe, mguu ukachomoka. Alianguka polepole, Baba, kikombe mkononi, na hakumwaga hata tone. Mama alikimbilia jikoni kuficha kicheko. Mimi nililia. Baba Mdogo alishaanza kukusanya patasi.

Mama ndiye aliyeniombea. "Shemeji, mpe nafasi moja tu." Akakubali, akinung'unika.

Nilikuwa naosha vyombo nilipokumbuka ulivyokuwa ukipanga miguu ya stuli juu ya jiko kutwa nzima, naye Mama akikuuliza, "Baba Zaituni, leo tunakula miguu?" Nikaacha sufuria kwenye maji. Miguu ndiyo inayopaswa kukauka kabisa. Kikalio kibaki na unyevu kidogo, kikikauka kinaibana chenyewe, bila gundi. Nilikuwa nimefanya kinyume, tena kwa uangalifu mkubwa.

Hii ya tatu nimeitengeneza hivyo, nikaiacha mwezi mzima kabla ya kumwita. Leo amekaa, amejitikisa, amejiinua na kujiachia mara nne kwa makusudi. Kisha akamgeukia Mama: "Sasa mke wangu atakaa wapi? Mwambie fundi atengeneze nyingine."

Fundi, Baba. Alisema fundi, na hakuongeza vitabu.

Alipoondoka nilinoa patasi zako zote, nikajikata kidole, sikujali. Bado sijui kutengeneza droo wala mlango. Nakosa mtu wa kuniambia nimekosea wapi kabla sijakosea. Hilo sijalizoea.

Pumzika, Baba. Nakuahidi vifaa vyako havitapata kutu, na kila kosa nitakuandikia, hata la aibu. Kesho nachagua mbao za stuli ya Mama Mdogo.

Sasa nalala, ni saa nne kasorobo usiku.

Zaituni