Mtungi wa Mama Si Mji wa Rapta

Bankstown, Sydney

Mdogo wangu Hamisi,

Nakusalimu, nikitumai magoti ya baba yamepata nafuu na wanao ni wazima. Mimi afya ninayo, na kazi ya kufunga mizigo kule ghalani Wetherill Park bado ninayo. Ila roho inanichemka, na aliyeichemsha ni wewe.

Jumamosi Wanjiru, yule nesi Mkenya ninayeishi naye, alinipeleka kusikiliza mhadhara. Mtaalamu wa huku alikuwa anaeleza habari za Rapta, mji wa kale wa pwani yetu ambao Wagiriki waliutaja katika jiografia yao, na hadi leo haijulikani ulikuwa wapi. Akasema huenda ameupata Rufiji, kijijini kwetu! Nikavimba kichwa, nikamwambia Wanjiru, "Unaona? Sisi watu wa mjini tangu enzi na enzi."

Kisha akaonyesha dalili yake ya kwanza, picha ya mtungi uliozama nusu ardhini. Hamisi, mdomo wa mtungi ule ulimeguka kwa mpira wako! Ndio tuliochotea maji ya kumwosha mama, ukaachwa kaburini upande wa kichwa kama ilivyo ada yetu.

Nilisimama bila kuruhusiwa. "Hilo ni kaburi la mama yangu!"

Wanjiru akanivuta sketi. "Pole pole, Mwanaidi, wataita security."

Mtaalamu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema mwenyeji wao aliwahakikishia kwamba pale hapana kaburi, kisha akatuonyesha picha ya huyo mwenyeji. Umekenua meno yote, umevaa kofia niliyokutumia mimi.

Huna haya wewe? Kama ulitaka kibarua cha kuchimba, Rufiji nzima hukuona pa kuwapeleka ila pale? Watu walicheka ukumbini, wakadhani nimechanganyikiwa. Nimelia kwenye treni mpaka nyumbani, mtu mzima mimi.

Mtaalamu anasema watachimba mvua zikiisha, isipokuwa kama mwenyeji wao atabadili kauli. Basi kaibadili. Na uende na baba, akusikie ukisema.

Nisalimie shangazi aliyetulea, na mkeo, ambaye naamini hakujua. Hao wageni waambie Rapta waitafute kwingine. Uliopotea ni huo mji wao. Mama hajapotea.

Dada yako, ambaye bado hajakusamehe,
Mwanaidi