Mguu Mmoja, Kazi Mbili

Kibakwe, 9 Julai 1998

Baba Stumai,

Huku wazima. Stumai ameota jino, karanga tumeshavuna.

Ile chipu ya kuongoza pampu mliyoitengeneza huko mafunzoni Dar, wewe na Joha mwenzako, nimeifunga kwenye ile ya misheni. Uliandika kwamba mguu wake mmoja, kale kachuma ka kuungia waya, utafanya kazi mbili kwa zamu: kupokea habari za boya la tenki, na kupeleka taarifa kwa waya hadi ofisini kwa Padri. Juzi mguu ukiwa bado unaongea na ofisi, boya likapanda, chipu isijue, pampu isizimwe. Tenki likafurika, mboga za Padri zikasombwa.

Akauliza nani kabuni hivyo. Nikasema mume wangu. Joha sikumtaja.

Wewe ndiye unayemtaja kwenye barua zako. Joha kanionyesha, Joha kaniambia, Joha kapika ndizi. Tangu lini mafunzo ya mitambo yana ndizi? Mimi nimejikuta kwenye salamu za mwisho, baada ya mbuzi.

Waya wa ofisini nimeukata. Sasa mguu unasikiliza tenki peke yake, na hakuna kinachomwagika. Mweleze Joha hivyo, siku ya kumuaga.

Ni mimi mkeo,
Mama Stumai