Joho la Dobi

Doornfontein, Jumapili

Dada Héritière,

Sisi wazima, baridi imeanza kupungua. Mke wangu Angélique anasuka nywele za watu tangu asubuhi, na mtoto ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kizulu.

Jana tulikwenda chuo cha jirani kutazama filamu ya kizungu ya zamani, zile zisizo na sauti. Tapeli mmoja anavaa joho la wakili, anamtetea mahakamani msichana aliyesingiziwa wizi, na anashinda. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikodolea macho mdomo wake, nikitaka kujua alimwambia nini hakimu. Eish, dada, mdomo unacheza tu, husikii neno.

Ujumbe wako kuhusu kesi ya kiwanja cha Mama nimeusoma. Unasema umeshawatangazia majirani kwamba Maître wenu, wakili wa familia, anakuja mwezi ujao kumtetea, na Mama ameipangusa vumbi ile picha yangu ya ukutani nikiwa nimevaa joho.

Dada, kwenye ile ofisi ya mawakili kule Midrand mimi ni mlinzi wa mlangoni. Joho lilikuwa la bosi. Nilitumwa kulichukua kwa dobi, nikapitia kwa mpiga picha. Mkaanza kuniita Maître, nami nikaitika miaka sita. Ndiyo maana sikupiga simu: ungeniita hivyo, ningeitika tena.

Tafuta wakili. Nitakuja, nitakaa na Mama kwenye benchi. Picha msiiguse, nitaishusha mwenyewe, yeye akiwa anatazama.

Mdogo wako,
Joël