Aliyelala Kitandani Mwangu

Mambrui,
Jumanne, baada ya adhuhuri.

Kwa dada yangu mpenzi, Bi. Mwanamina,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada, na nakubusu mkono ulionilea. Natumai barua hii itakukuta u mzima, goti limepoa, na lile jicho lenye mtoto halijakuzidia. Mimi huku ni mzima kwa kiasi changu, alhamdulillahi. Nimeoga, nimekula, na sasa nimeketi ukumbini na mto mgongoni, nakuandikia. Farid mwanangu, wewe unayemsomea mama yako, soma polepole, na akikukatiza usinyamaze, endelea tu. Ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu, dada, wewe husikilizi. Wapiga kelele, wanililia, kisha wakata, nami nabaki nimeishiwa na pumzi na neno langu bado li mdomoni.

Nimeletewa habari kwamba Jumamosi waja na gari kunichukua, nikae kwako Kibokoni hadi dawa ziishe. Naambiwa chumba umekwisha kipaka rangi na godoro jipya umelinunua. Nililia niliposikia, kwa jinsi unavyonipenda. Mola akulipe kheri. Lakini siji, dada. Usikasirike bado. Kasirika mwishoni, ukishayasikia yote.

Nianze na huu uchovu, maana hakuna aliyenieleza mapema. Nywele nilijua zitatoka, kichefuchefu nilikitarajia. Lakini uchovu wa kemo, hii dawa ya saratani, si ule tuliouzoea mimi nawe, wa kupika biriani ya harusi kutwa nzima, ukalala, ukaamka mpya. Huu walala nao na waamka nao. Kuna siku nilizitazama kandambili zangu pale chini ya kitanda, na haja imenibana, nikaona heri nilie kuliko kuinama kuzivaa. Mimi Raiya! Mimi ambaye mahamri ya maulidi hayajapata kutoka mtaani petu bila mkono wangu!

Pale kliniki Malindi kuna muuguzi, Damaris jina lake, ana sauti ya upole na macho makali. Aliniambia kwamba nguvu zangu sasa ni maji ya mtungi mmoja na bomba limefungwa, nikiyamwaga yote asubuhi kwa kufua, jioni sitakuwa na ya kunywa. Akanitaka nichague ninayoyaweza na mengine niwaachie watu. Nipumzike, lakini nisilale kutwa, maana kulala tu huuzidisha uchovu. Nitembee kidogo kila siku, hata kama ni hadi kisimani na kurudi, na nile kidogo kidogo. Nilimwitikia naam, naam, kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu. Kisha nikarudi nyumbani nikafanya kinyume chake, kwa sababu ya wageni.

Waijua Mambrui yetu. Mtu akiugua, mji mzima waingia kumtazama, na ni haki ya mgonjwa kutazamwa. Walikuja kila baada ya alasiri, kundi likitoka kundi laingia, na machungwa yao na madua yao. Nami sikuzoea kumpokea mtu nimelala. Kila kundi niliinuka, nikajitanda leso, nikauliza hali za watoto mmoja mmoja, nikaagiza kahawa, nikasikiliza habari za shangazi wa fulani aliyeugua ugonjwa huu huu, akahangaika, akafa. Ati wanaliwaza! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hao wahenga hawakuwahi kutiwa dripu ile nyekundu. Wageni wakiaga, mtungi wangu umekauka, na hata uji siwezi kuumeza.

Basi siku moja tulifika kliniki, damu ikapimwa, ikaonekana imeshuka, na daktari akaahirisha dawa. Mimi moyoni nikasema afadhali. Tulipofika nyumbani nilimwambia Taib kwamba sirudi tena Malindi, imetosha, na Mungu akitaka kunichukua anikute nimelala. Mume wangu unamjua, si mtu wa maneno. Alishika kichwa, akatoka akaenda msikitini.

Sasa naja kwa mtu ambaye hutaki kulisikia jina lake. Kahaso, mke mwenzangu. Farid, endelea kusoma. Tangu Taib alipomuoa uliapa kwamba hutakaa naye chumba kimoja, na hata alipokwisha silimu, jina lake hujapata kulitamka. Kwako wewe ni yule mwanamke wa Matsangoni. Nami sikuwa malaika, dada, usidhani nakusema. Tulikuwa twasalimiana kwa ncha ya ulimi, kila mtu na jiko lake na chungu chake. Wala sikumwomba msaada nilipougua. Alikuja mwenyewe.

Siku moja, nimekwisha kukataa dawa, alikuwa amekuja kunibadilishia mashuka. Mimi nilikuwa nimekwenda msalani, na katika kurudi miguu ikagoma, nikaingia stoo, pale ubavuni pa chumba changu, nikajitupa juu ya mkeka na usingizi ukanichukua hapo hapo. Yeye amemaliza kutandika, amechoka kwa kuteka maji tangu asubuhi, akaona ajinyooshe kidogo, akajifunika leso yangu hadi usoni kwa sababu ya nzi. Mara hodi, hodi, wanawake wa mtaa wa msikitini hao wameingia. Chumba kina giza, maana pazia nalishusha, mwanga waniumiza macho. Wakamwona mtu amejifunika, wakaketi, na kabla hajawahi kufunua uso wakaanza kumsomea Yasini. Sasa hebu niambie, utainukaje katikati ya Yasini useme samahanini, siye mimi? Akatulia tuli. Wakamaliza, wakampulizia, wakamsihi asijisumbue kuinuka, wakatoka wakisema kwamba leo Raiya amepumzika vizuri.

Nilipoamka nilimkuta ameketi kitandani jasho lamtiririka, akaniambia kwamba amesomewa Yasini nzima na yeye hana hata mafua. Lahaula! Tulicheka, dada, tulicheka hadi nikashika ubavu, na tangu niambiwe nina saratani ya titi sikuwa nimecheka. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimelala. Nikamwambia nimelala usingizi wa kweli. Akasema basi na kesho vile vile.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alasiri Kahaso alipanda kitandani kwangu, akajifunika leso yangu, nami nikalala stoo kwenye godoro alilonitandikia, mlango umefungwa. Wageni waliambiwa kwamba mgonjwa hasemi, ana vidonda vya mdomo, na vidonda vilikuwa kweli, ila mdomo ulikuwa wangu. Niliingiwa na wasiwasi kama twakosea. Yeye akasema dua haipotei njia, Mungu hakosei nyumba. Wageni wakiisha kutoka huniamsha, tukatembea hadi kisimani na kurudi, yeye nyuma yangu ajifanya atafuta kuku wake, nisijione nalindwa. Kisha uji wa mchele kwa nazi, kijiko baada ya kijiko, bila kunihimiza. Nilipata nguvu za kurudi Malindi. Damu ikapanda, dawa ikaendelea. Damaris alishangaa akaniuliza nimefanya nini, nikamjibu kwamba nimejifunza kupumzika. Sikumwambia ni nani aliyekuwa akichoka badala yangu. Sasa umebaki mzunguko wa mwisho, na nitaumaliza inshallah. Kama si mwanamke huyu, dada, mngekwisha nizika. Nalisema hili bila haya.

Nimepumzika kidogo, kalamu ilikuwa yaniponyoka. Sasa shika ukingo wa kiti.

Ile Ijumaa uliyokuja alasiri bila kutupa habari, ukaingia chumbani moja kwa moja, ukafunga mlango, ukaketi kitandani, ukanisinga miguu kwa mafuta ya nazi huku walia, ukasema mashaallah, miguu haijakonda. Dada, miguu ile haikuwa yangu.

Najua sasa hivi wayakumbuka maneno yako moja moja. Nami nayakumbuka, kwa sababu nilikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta wa stoo haufiki darini. Nilikusikia ukimwomba Mungu akupe wewe maradhi yangu. Nilikusikia ukisimulia ulivyonibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua, na mwalimu wa chuoni alivyokuchapa kwa kuchelewa ukakataa kusema sababu. Nilitaka niinuke nije nikukumbatie. Wallahi nilitaka. Niliuambia mkono usukume mlango, na mkono haukunitii. Nilifungua mdomo nikuite, sauti haikutoka. Huo ndio uchovu ninaokueleza, kumsikia dada yako akilia upande wa pili wa ukuta nawe huwezi kumwita jina.

Kisha ukashusha sauti ukayasema yale mengine. Kwamba nisile cha mkono wa yule mwanamke. Kwamba mke mwenza hana huruma hata mbele ya mauti, na watu wa kwao wazijua dawa za miti. Kwamba maradhi haya yaliingia nyumba hii siku aliyoingia yeye. Uliyasema kwa mapenzi yangu, najua, wala sina shaka. Lakini uliyasema akisikia yeye mwenyewe, dada, na miguu yake umeishika mikononi.

 Kahaso ulipoomba dua aliitikia amin tu, kwa kunong'ona chini ya leso. Ulipoondoka nilimwuliza, nikijifanya sikusikia, dada yangu amesema nini. Akaniambia kwamba umeniombea dua, umelia sana, na wanipenda kuliko roho yako. Basi, hilo tu. Halafu akaileta ile chupa ya mafuta uliyoiacha, akaketi chini akanisinga miguu yangu mimi, taratibu, kidole kwa kidole. Alisema kwamba hii ni amana yangu, imefika kwake kwa bahati mbaya.

Lakini tangu siku ile ana jambo. Kila bakuli la uji analoniletea, kabla hajanikabidhi, huchota kijiko mbele ya macho yangu, akala, akameza, akangoja kidogo, ndipo anipe. Hasemi kwa nini, nami siulizi. Hajui kwamba nilisikia. Sikumwambia yeye, na wewe sikukwambia hadi leo, kwa aibu. Nala, dada, hadi bakuli liishe.

Ndiyo maana siji Kibokoni. Njoo wewe. Lete nguo zako na godoro lako jipya, tutalitandika stoo, tulale sote wawili kama zamani. Kahaso hatalazimika tena kujifunika leso yangu, kwa sababu ukikaa wewe mlangoni, nani wa Mambrui atathubutu kupita? Wote wakuogopa! Sikuombi umpende. Wala usimwombe radhi mbele yangu, mtaona haya nyote wawili na mimi sina nguvu za kuwabembeleza. Nataka jambo moja. Akileta sinia, nyosha mkono ulipokee kabla hajaonja, uanze kula wewe, naye akuona. Hilo tu, nami nitakuwa nimepona nusu.

Taib akusalimu sana. Wasalimie wanao wote, na majirani wanaoniombea, waambie nawashukuru, dua zao zimefika. Kahaso naye akusalimu. Hajui ninaandika nini, ameniona tu na kalamu, akasema nisisahau kukuuliza jicho, maana siku ile ulikuwa wapapasa mlango ukitoka, na yeye hakuweza kuinuka akushike mkono.

Nimeiweka kalamu kidogo, uji umeletwa. Ameonja tena. Njoo Jumamosi, dada.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Raiya