Kanali Asiyeitikia

Babu yangu wa Muheza,

Salamu yako nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa hiyo soma mpaka chini na usinune.

Huku Dubai joto linakausha kanga kabla sijamaliza kuianika. Kwenye nyumba ninayofanyia kazi, mtaa wa Al Mankhool, sebuleni kuna picha ya babu wa babu yake madam, Mnorwei wa karne ya kumi na tisa, kanali mwenye masharubu kama yako. Kila asubuhi nikimfuta vumbi namwambia shikamoo, maana siwezi kumgusa mzee uso nikapita kimya. Mtoto wa madam naye ameiga. Jana akauliza, "Dada, mbona haitikii?"

Madam alicheka, kisha akatusimulia. Kanali alitoka jeshini akachaguliwa mbunge, na akisimama kusema bunge zima linatulia. Lakini binti yake alipopanda meli kwenda Marekani kutafuta maisha, alikasirika, hata kwaheri hakumjibu. Hawakuonana tena. Ukoo umeshasahau hotuba zake, ila kimya kile wanakisimulia mpaka leo.

Nikakukumbuka wewe, mwenyekiti wetu unayehutubia kijiji mpaka watu wanasinzia. Asubuhi niliyoondoka nilikuamkia, ukageukia mbuzi wako.

Nakupenda, babu, wewe na masharubu yako. Jumapili nina mapumziko, nitampigia mama. Mwambie akupe simu, uniitikie hata kwa kunung'unika.

Ni mimi mjukuu wako, Zawadi.

Shikamoo, babu.