Uwatu Ulionitumia

Manga, Nyamira
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, tafuta kiti ukae, na kama Bi Rehema jirani yuko hapo, mwombe radhi usome peke yako. Magoti yako yaendeleaje? Kikohozi cha Baba kimepungua? Mimi, ukiniuliza leo, nitakwambia sijambo, na leo ni kweli. Mwezi uliopita ningekwambia hivyo hivyo na ingekuwa uongo.

Umeniuliza kama nywele zimeota, na umesema kopo la pili la dawa unalitayarisha ulitume kwa basi. Hazijaota, Mama. Na hilo kopo usilitume, nakuomba kwa heshima zote. Nitakueleza kwa nini, ila usinikasirikie mpaka ufike mwisho.

Unakumbuka nilipokuandikia kwamba nimeteguka mguu? Sikuteguka. Mguu ulivimba mpaka kiatu kikakataa kuingia, na hospitalini Kisii mjini wakaniambia damu imeganda ndani ya mshipa. Kipande kikibanduka kikafika mapafuni, basi tena. Wakanipa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, nimeze kila jioni, na niwe narudi kupimwa. Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungelia wiki nzima, kisha ungemtuma Mjomba Athmani aje anirudishe Mombasa, na kazi niliyoihangaikia ningeiacha hapo. Nikaona uongo mdogo hauna neno.

Ndipo nywele zikaanza. Nikichana, chanuo linajaa. Daktari akasema vidonge hivyo huwafanyia baadhi ya watu hivyo. Zile nywele, Mama, ulizokuwa ukinisuka huku ukinigombeza nitulie! Nililia, nikakuandikia habari za nywele, za vidonge nikazinyamazia.

Nawe, Mungu akuweke, ukanisagia mbegu za uwatu na habbasoda, ukaponda vitunguu thaumu, ukachanganya na asali. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Siku nilipolifungua kopo nilifunga mlango nikakaa kitandani nalinusa tu. Watu wa huku ni wema, sina lawama nao, lakini jioni ikifika kila mtu yuko kwake na wake. Katika chumba cha walimu wanaanza kwa Kiswahili, mzaha ukikolea wanahamia Kikisii, nami nacheka wanapocheka wao. Kuna siku sauti yangu mwenyewe naisikia darasani pekee. Basi kopo lako lilikuwa kama mgeni kutoka nyumbani. Kijiko kimoja? Wapi! Nilikula vitatu, vinne, mpaka kwa chapati, na nikazungumza nalo kama mwendawazimu.

Wiki ya tatu, nikipiga mswaki, mate yakatoka mekundu. Mapaja yakajaa madoa ya zambarau na hakuna aliyenigusa. Nikanyamaza, maana hiyo ndiyo kazi niliyokwisha kuizoea. Halafu nikiwa darasa la nne, katikati ya hesabu za kugawanya, pua ikaachia. Looo! Damu haina breki. Watoto wakapiga mayowe, na Mama Moraa, anayetupikia chai shuleni, akaja mbio akanibana pua kwa leso yake.

"Mwalimu, wewe unakula nini?" akaniuliza. "Hii damu iko kama maji!"

Aliacha sufuria motoni akanipeleka hospitali mwenyewe. Daktari akaniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Nikasema hakuna. Wallahi safari hiyo sikukusudia kudanganya. Kwangu mimi dawa ni kitu cha duka la dawa. Kilichotoka jikoni kwako ni chakula. Wakachukua damu ya kupima, wakasema majibu ni baada ya siku kadhaa. Nikarudi nyumbani nikala vijiko viwili, eti nipate nguvu.

Aliyenifumbua macho ni Mzee Jayanti, Mhindi mwenye duka la dawa ninakonunua vidonge. Amezaliwa hapa hapa, Kikisii anakizungumza kunishinda. Nilipomnyooshea karatasi yangu aliona madoa mkononi, akavirudisha vidonge rafuni.

"Kwanza nitajie kila kinachoingia mdomoni, tangu asubuhi."

Nikataja chai, mkate, ugali, kisha nikasema kwa aibu, dawa ya nywele ya mama.

"Ina nini ndani?"

Nilipomtajia, alivua miwani. "Mama yangu pia aliwapa dada zangu uwatu kwa ajili ya nywele," akasema. "Mama yako hakukosea. Lakini alijua unameza hivi vidonge?"

Nikasema hajui.

"Basi amekutibu gizani, mwalimu. Kidonge kinaifanya damu nyepesi, thaumu inaweza kuizidishia wepesi, uwatu nao. Ikivuja kichwani nani ataiziba?"

Akafunga duka mchana kweupe, akanisindikiza mpaka kwa daktari. Majibu yalikuwa yametoka, na damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Walinilaza siku tatu, vidonge vikasimamishwa, kisha nikaanzishiwa upya kidogo kidogo. Daktari hakuweza kuapa ni kipi hasa kilichochochea, ila alisema mchanganyiko ule na vidonge vile havikai nyumba moja. Vidonge nisiviache kwa kichwa changu, na nisiongeze kitu bila kumwambia, hata kama kimetoka kwa mama mzazi.

Najua sasa umeshika shavu, machozi yanakutoka. Usijilaumu, Mama. Ulimtibu binti anayepukutika nywele. Yule mwenye mguu mgonjwa nilikuficha mimi. Nilidhani nakuepushia uchungu, kumbe nilikutia kisu mkononi na kitambaa machoni. Nisamehe. Kule wodini, jamaa za wenzangu wakiingia na vyakula, nilikuwa nageukia ukutani. Kuumwa hakukunitisha kama kufa bila wewe kujua hata nilichokuwa naumwa.

Nisalimie Baba, na ukipenda mwambie yote haya. Mjomba Athmani mwambie kopo alilolipeleka kituo cha basi lilifika salama, asipate fadhaa. Shangazi Mwanakombo atasema alijua tangu mwanzo, mwache aseme. Mdogo wangu Zuhura nambusu, asome kwa bidii, na Bi Rehema mpe salamu zake, najua yuko mlangoni anasubiri.

Kila ukitaka kuja nimekuwa nikikukataza, huku ni mbali, huku ni baridi. Sababu si baridi, Mama. Niliogopa utauona mguu. Sasa sina kilichobaki cha kukuficha, na nywele nimezinyoa zote. Njoo. Usisage kitu, usibebe kitu, njoo mikono mitupu unishike kichwa.

Mwanao,
Mwanaisha